Paka ana ugonjwa wa utumbo na anachagua chakula: virutubisho vya tumbo, vipimo na namna ya kumpa bila kumsusisha

#1 · Langoni_Paka · Lamu

Salaam aleikum wapenzi wa paka, wa Amu na wa Malindi.

Maswali ya paka wanaoharisha miezi na miezi yametapakaa huku na huku, na jibu linalorudiwa ni lile lile: "mtilie unga kwenye chakula." Kwa paka mchaguzi, jibu hilo ndilo mwanzo wa balaa. Hapa tuweke vipimo, namna ya kutoa, na mahali ambapo mambo huharibika.

Tuelewane kwanza ni paka yupi. Ni yule aliyeharisha, aliyetapika au aliyekonda kwa zaidi ya wiki tatu, ameshapewa dawa ya minyoo, kinyesi chake kimeangaliwa kwa darubini, na daktari wa mifugo amesema ni uvimbe sugu wa utumbo. Kama hayo hayajafanyika, usinunue kopo lolote. Paka wetu wa vichochoroni wana safura, wana kidudu cha utumbo kiitwacho giardia, na wengine wana kile kidudu kiitwacho Tritrichomonas, ambacho dawa ya kawaida ya minyoo haikigusi. Fenbendazoli, dawa ya minyoo, ya miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku kwa siku 3 hadi 5, ndiyo ya kuanzia. Paka aliyevuka miaka minane apimwe pia homoni ya tezi ya shingo, maana tezi ikizidi kufanya kazi humkondesha na kumharisha vile vile. Na kuna saratani ya utumbo inayokwenda polepole, ambayo kwa macho haitofautiani kabisa na uvimbe huu. Mwambie daktari akutajie kabisa kama ameifikiria.

Sasa kanuni ninayoisimamia: bakuli la chakula lisiguswe. Paka hufunga harufu ya chakula na kichefuchefu alichokisikia siku ile. Ukitia unga mchungu ndani ya chakula anachokipenda, anaweza kukisusa moja kwa moja, na chakula chenyewe mara nyingi ndicho dawa. Paka asiyekula siku mbili tatu, hasa aliyenenepa, mafuta ya mwili humiminika kwenye ini na likashindwa kazi. Kwa hiyo kirutubisho chochote kinachomfanya ale kidogo kuliko jana kimeshamdhuru, hata kiwe kimeandikwa maneno mazuri namna gani kwenye kopo.

Mpangilio wangu: chakula kitulie kwanza, kisha vitamini B12, kisha probiotiki, yaani vijidudu vyema vya tumbo, na nyuzinyuzi kwa wachache wanaozihitaji. Kimoja kimoja, na kati ya kimoja na kingine zipite wiki mbili. Ukianza vitatu siku moja akatapika, hutajua umlaumu nani.

#2 · Bi_Maweni · Malindi

Waaleikum salaam. Langoni, naomba nichukue B12, kwa sababu ndiyo yenye faida kubwa kuliko vyote na ndiyo inayowekwa nyuma.

B12 hufyonzwa mwisho wa utumbo mwembamba. Haipiti peke yake; inahitaji protini ya kuibeba, na kwa paka protini hiyo hutoka kwenye kongosho tu. Utumbo ukivimba, au kongosho likiugua pamoja nao kama inavyotokea mara nyingi, B12 inapita na kutoka na kinyesi. Paka mzima hukaa na akiba yake. Paka mwenye utumbo mgonjwa huimaliza upesi zaidi. Akiishiwa, hamu ya kula inakufa, misuli ya mgongo inabonyea, na kuharisha hakusikii hata prednisoloni, ile dawa ya kushusha uvimbe.

Soma tena hapo kwenye hamu ya kula. Paka wengi wanaoitwa wachaguzi si wachaguzi, wameishiwa B12. Na hii ndiyo pekee katika orodha yote inayoweza kutolewa bila kupita mdomoni wala kwenye bakuli. Ndiyo maana nasema ianze yenyewe.

Kipimo cha damu: katika maabara inayotumiwa sana kama rejea, ya chuo kikuu cha Marekani cha Texas A&M, kiwango cha paka huanzia nanogramu 290 kwa lita. Chini ya hapo ni upungufu, na hata kati ya 290 na 400 wanashauri apewe. Maabara yako ikiwa na viwango vyake, fuata vyake.

Sindano: mikrogramu 250 chini ya ngozi, mara moja kwa wiki kwa wiki 6, kisha moja baada ya mwezi, kisha kipimo kirudiwe mwezi mmoja baada ya hiyo ya mwisho. Ampuli ya kawaida ni miligramu 1 katika mililita 1, kwa hiyo unahitaji robo ya mililita. Bomba la insulini la U-100 ndilo rahisi: vuta hadi mstari wa 25.

Ya mdomo: mikrogramu 250 kila siku kwa wiki 12, damu ipimwe wiki moja baada ya kumaliza. Inafanya kazi, hata kwa utumbo mgonjwa, maana kiasi kikiwa kikubwa sehemu ndogo hupenya bila ile protini. Kidonge cha 1000 ukigawe robo. Soma nyuma ya chupa; vile vya kumung'unya vina vitamu vya kutengenezwa, na chenye xylitol kirudishe dukani.

Folati, vitamini nyingine ya jamii ya B, nayo ipimwe kwenye damu ile ile. Ikiwa chini, mikrogramu 200 kwa siku kwa wiki nne.

#3 · Kipepeo_Shela · Lamu

Shukran Bi Maweni. Duka la dawa wananipa ampuli iliyo na B1, B6 na B12 kwa pamoja. Yafaa? Na sindano nitachoma mwenyewe vipi, daktari hapatikani kisiwani kila siku?

#4 · Bi_Maweni · Malindi

Dadangu, ile ya mchanganyiko iache. Inachoma sana, na B12 ndani yake imetandazwa katika maji mengi zaidi, kwa hiyo itabidi umdunge mara tatu ya ujazo kupata kiasi kile kile, na B6 nyingi asiyoihitaji. Sindano ya pili hatakubali. Omba sianokobalamini au hidroksokobalamini peke yake, zote mbili ni B12. Utaitambua, ni nyekundu kama juisi ya rosela. Ile B-kompleksi ya mifugo ya chupa kubwa mara nyingi B12 yake ni kidogo mno. Fanya hesabu ya lebo kabla ya kulipa.

Kudunga mwombe daktari akuonyeshe mara ya kwanza, naye akupe kipimo cha paka wako kwa maandishi. Baada ya hapo ni hivi. Ampuli ishike mkononi dakika mbili ipate joto la mwili. Ivunje kwa kitambaa, iache isimame kidogo ili chembe za kioo zitue, na usiikwangue chini kwa ncha ya sindano. Vuta, toa mapovu. Inua ngozi kati ya mabega ifanye hema, ingiza sindano kwenye kitako cha hema ikiwa sambamba na mwili, vuta kidogo nyuma uone kama kuna damu. Hakuna? Sukuma taratibu. Manyoya yakilowa, sindano imetokea upande wa pili. Usirudie dozi nzima siku hiyo, ngoja wiki ijayo. Kila wiki badilisha upande. Ampuli iliyofunguliwa haina kinga ya vijidudu, inayobaki inamwagwa.

Ampuli ambazo hazijafunguliwa hazitaki friji, zinataka giza na mahali pasipo joto kali. Ziache ndani ya boksi lake.

#5 · Mkomani_Dawa · Lamu

Nyongeza kwa Bi Maweni: wengi hudunga wakati paka anakula, eti hatasikia. Mimi nalipinga hilo kwa paka huyu. Utaunganisha maumivu na bakuli. Mdunge chumba kingine, saa moja au mbili baada ya kula.

#6 · Bi_Maweni · Malindi

Kwa paka mwenye kula vizuri sioni ubaya akidungwa huku akilamba kitu kitamu. Kwa mchaguzi nakubaliana nawe kakangu. Chumba kingine.

#7 · Mkomani_Dawa · Lamu

Nimalizie na probiotiki basi.

Aina mbili kuu. Ya kwanza ni bakteria: Enterococcus faecium, au mchanganyiko wa laktobasili na bifido. Ya pili ni chachu, Saccharomyces boulardii. Tofauti yake ina maana kwenye dawa. Antibiotiki huua bakteria hao, kwa hiyo achanisha kwa saa mbili au zaidi. Chachu haiuawi na antibiotiki, lakini dawa ya fangasi huiua. Paka anayetumia dawa kali za kushusha kinga, au aliye na mrija kwenye mshipa, asipewe chachu bila daktari wake kujua.

Kiasi cha chachu: kapsuli za binadamu nyingi ni miligramu 250. Anza na robo yake mara moja kwa siku, siku tatu. Kinyesi kisipochafuka zaidi, panda hadi nusu kapsuli mara mbili kwa siku. Ukianza na nyingi utapata gesi, tumbo linanguruma, na utadhani dawa imemkataa.

FortiFlora, probiotiki ya bakteria ya vifuko, inahitaji neno la peke yake. Vifuko hivyo paka huvipenda sana, na sababu si bakteria, ni ile ladha ya nyama iliyosagwa kwa vimeng'enya iliyotiwa humo. Kwa mchaguzi ni neema: nyunyiza robo ya kifuko juu ya chakula na ataanza kula. Lakini kama paka yuko kwenye jaribio la chakula cha protini moja, ladha ile ni protini nyingine na umelivunja jaribio bila kujua. Wiki nane zinapotea hivyo, na daktari anaandika "chakula hakikusaidia."

Joto na unyevu: mwaka mzima kwetu hewa ni nzito, na masika ndiyo mbaya zaidi. Unga ukishika maji unagandamana, na vijidudu vinaamka na kufa kabla ya kumfikia paka. Chupa ya kioo yenye mfuniko mkazo, vile vifuko vya kukaushia unyevu viwili ndani, mbali na jiko. Zile zinazoandikwa nyuzi 2 hadi 8 zinataka friji. Umeme ukikatika, zifungie na barafu kwenye chupa ya chai. Na usichanganye na chakula cha moto. Ukiweza kukiweka kidole chako bila kukitoa, basi hakijazidi.

#8 · Pwani_Miau · Malindi

Kwa hiyo Langoni anasema tusitie kwenye bakuli na Mkomani anasema nyunyiza. Tushike lipi?

#9 · Langoni_Paka · Lamu

Swali zuri. Anachosema Mkomani ni kitu kimoja ambacho kimetengenezwa kivutie. Unga mwingine wowote hauna ladha hiyo.

Kwa hivyo tumia chambo. Kijiko cha chai kimoja cha chakula chake, pembeni, kwenye kisahani kingine, wakati ana njaa na kabla ya bakuli halijaonekana. Siku mbili za kwanza chambo hakina kitu. Siku ya tatu unga kidogo, unaokaa kwenye ncha ya kisu. Kila siku mbili ongeza kidogo. Akinusa na kuondoka, rudi kiwango cha jana, ukae hapo siku nne. Kisahani kikisuswa, bakuli liko salama, hajui kama ni kitu kimoja. Mara tu amalize chambo, bakuli linakuja. Ajifunze kwamba hiki kidogo kinafungua kile kikubwa.

Chakula kiwe vuguvugu, karibu na joto la mwili. Weka kifuko ndani ya maji ya moto dakika chache. Harufu ndiyo inayomwita paka, si sura. Na msifiche uchungu kwa asali wala sukari kama tumfanyiavyo mtoto. Paka haonji utamu kabisa, ulimi wake hauna kipokezi hicho, kwa hiyo unabaki na uchungu ule ule na sharubu zinazonata.

Kabla ya yote, mwangalie kama kweli anachagua. Mchaguzi hunusa na kwenda zake, lakini ukimpa kitu kingine anakula. Mwenye kichefuchefu hulikimbilia bakuli, ananusa, analamba midomo, anameza mate, anageuza uso, pengine anafukia bakuli kama kinyesi. Huyo hahitaji ladha mpya, anahitaji dawa ya kuzuia kutapika. Maropitanti, miligramu 1 kwa kilo mara moja kwa siku, ndiyo madaktari huandika. Ukimbadilishia vyakula kumi huku ana kichefuchefu, utamfundisha kuvichukia vyote kumi, na siku utakapohitaji protini mpya hutakuwa na iliyobaki.

#10 · Kipepeo_Shela · Lamu

Na supu ya samaki ya kuchanganyia? Huku ndiyo rahisi, na paka wote wanaitaka.

#11 · Sokoni_Mld · Malindi

Hapa pana mambo manne na watu huyachanganya.

Moja, samaki ni protini ambayo paka wetu wamekula tangu wazaliwe. Kama daktari anatafuta protini ambayo mwili haujawahi kuiona, samaki hayumo, na kuku mara nyingi hayumo pia. Wanaobaki ni sungura, ngamia, pengine mbuzi, au kile chakula cha kopo ambacho protini yake imevunjwavunjwa. Wakati wa jaribio, chambo, supu na kirutubisho vyote vitoke kwenye protini hiyo hiyo. Chemsha mfupa wa sungura, chuja, toa mafuta ya juu, gandisha kwenye trei ya barafu. Kipande kimoja kinatosha siku nzima.

Mbili, nje ya jaribio, supu ya samaki ni sawa ikiwa ni maji na samaki tu. Kitunguu saumu na kitunguu maji huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, hata vilivyopikwa, hata unga wake. Kwa hiyo mchuzi wa nyumbani hapana. Ng'onda na papa mkavu wana chumvi nyingi mno.

Tatu, samaki asiyewekwa barafu. Jodari, nguru na vibua wakikaa kwenye jua, histamini inapanda na kupika hakuiondoi. Utumbo uliovimba ndio mwisho wa kuvumilia hilo. Akitapika saa moja baada ya kula samaki wa jioni aliyevuliwa alfajiri, usianze kulaumu probiotiki.

Nne, mafuta. Mafuta ya samaki yenye omega-3 yanaweza kumsaidia, lakini anza na matone mawili tu na yakae kwenye friji. Mafuta mengi yanaharisha yenyewe. Mafuta ya ini la samaki wanayopewa watoto ni kitu kingine, yana vitamini A na D ambazo hulimbikizana mwilini. Na sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa majahazi, mtu asidanganyike kwamba nayo yanafaa kwa kuwa ni ya samaki. Imeozeshwa, iache kwenye mbao.

#12 · Pwani_Miau · Malindi

Isabgoli, yale maganda ya mbegu yenye nyuzinyuzi, je? Nimesoma boga pia.

#13 · Mkomani_Dawa · Lamu

Inategemea anaharisha kutoka wapi. Utumbo mpana: anakwenda mara nyingi, kidogo kidogo, anajikamua, kuna ute na damu nyekundu mbichi. Hapo nyuzinyuzi husaidia. Utumbo mwembamba: kinyesi kingi kwa wakati mmoja, anakonda, anatapika. Huyo nyuzinyuzi zinamjaza tumbo bila kumlisha, na hamu yake ndogo inaisha juu ya maganda. Paka wengi wa uzi huu ni wa pili.

Kama ni wa kwanza: isabgoli tupu, isiyo na ladha ya machungwa wala sukari. Nusu ya robo ya kijiko cha chai, vijiko viwili vikubwa vya maji, ngoja dakika kumi iwe kama uteute. Changanya na chambo, si zaidi ya mara mbili kwa siku. Kiwango cha juu ni robo hadi nusu kijiko kwa mlo, polepole kwa wiki mbili. Ikitolewa kavu inanyonya maji ya utumbo na paka anafunga choo. Ukiona anakwenda kwenye mchanga na kutoka mtupu siku mbili, simamisha. Itenganishe na dawa nyingine kwa saa mbili, maana inazishika.

Boga la kuchemsha kwa maji ni sawa, kijiko cha chai kimoja. Lina nyuzinyuzi kidogo kuliko watu wanavyodhani. La nazi na sukari libaki kwa futari.

#14 · Sokoni_Mld · Malindi

Na vimeng'enya vya kongosho niviseme haraka, kwa sababu vinauzwa ghali na wengi hawavihitaji. Ni vya paka ambaye kongosho lake limeacha kutoa vimeng'enya, na hilo linajulikana kwa kipimo cha damu kiitwacho TLI, si kwa kutazama kinyesi. Uvimbe wa utumbo peke yake hauvitaki. Unga wake ukigusa midomo au ulimi unachoma hadi vidonda. Paka atakayeacha kula kwa sababu hiyo utamlaumu ugonjwa bure. Anayevihitaji kweli, uchanganywe kabisa ndani ya chakula chenye majimaji, na umpe maji baadaye.

#15 · Kipepeo_Shela · Lamu

Paka wangu chambo amekisusa kabisa, hata kitupu. Daktari ameandika prednisoloni nayo ni chungu. Nifanyeje?

#16 · Bi_Maweni · Malindi

Basi ni kapsuli tupu, dadangu. Wala usimsumbue tena na chambo.

Nunua maganda matupu namba 4, au namba 3 kama mkono wako ni mzito. Namba 4 inabeba robo ya mililita kasoro, yaani miligramu 100 hadi 200 kulingana na unga. Mengi ni ya jelatini, na jelatini hiyo inaweza kuwa ya nguruwe. Kwa wanaojali, yapo ya mimea, waulize duka kabla.

Kumeza: mkalishe juu ya meza, mgongo wake ukielekea kifuani kwako. Mkono wa kushoto ukamate kichwa kwa juu, kidole gumba na cha kati kwenye mashavu, uinue hadi pua itazame dari. Taya ya chini inalegea yenyewe. Kidole cha kulia kifungue taya, tupa kapsuli nyuma kabisa ya ulimi, katikati, si pembeni. Funga mdomo, puliza puani kidogo, atalamba. Kisha maji: mililita 5 hadi 6 kwa bomba lisilo na sindano, kwa upande wa shavu, kidogo kidogo. Hii hatua watu huiruka. Kapsuli kavu inaweza kukwama kwenye umio wa paka kwa dakika nyingi na kuunguza. Doksisaiklini na klindamaisini zimejulikana kwa hilo, zinaacha kovu linaloziba njia ya chakula. Ganda la kapsuli lilainishwe kwa supu yake kwanza.

Iwe prednisoloni, usikubali prednisoni. Majina yanafanana, ila ini la paka halibadilishi vizuri ya pili kuwa ya kwanza. Na isikatizwe ghafla hata kinyesi kiwe kizuri namna gani.

#17 · Langoni_Paka · Lamu

Damu ya kipimo, kwa waliopo kisiwani. B12, folati na TLI zinataka paka aliyefunga saa 8 hadi 12, si zaidi kwa hawa wetu. Atolewe asubuhi, seramu itenganishwe hapo hapo kliniki, ikingwe na mwanga kwa karatasi ya foili, iwekwe na barafu. Ivushwe Mokowe na kupakiwa basi Jumatatu au Jumanne. Ikiondoka Alhamisi inaweza kulala wikendi nzima kwenye ofisi ya mizigo.

Na pima uzito kila wiki, siku ile ile, kabla hajala. Mizani ya jikoni na kapu linatosha: pima kapu, pima kapu na paka. Paka wa kilo 4 akipoteza gramu 200 ni asilimia 5, mpigie daktari siku hiyo, usingoje miadi. Andika pia kinyesi: kigumu, laini chenye umbo, uji, maji. Neno moja kwa siku. Baada ya mwezi utaona kama probiotiki inafanya chochote, maana ugonjwa huu hupanda na kushuka wenyewe na macho hudanganya.

Ya kwenda kwa daktari bila kungoja: saa 24 bila kugusa chakula, kutapika zaidi ya mara tatu kwa siku, kinyesi cheusi kama lami, ufizi uliopauka au wa njano. Kwa kungojea hapo nyumbani msimpe Panadol kabisa, kidonge kimoja kinaweza kumuua paka, wala aspirini, wala zile dawa za kuharisha za watu zenye salisilati.

#18 · Pwani_Miau · Malindi

La mwisho kutoka kwangu. Prednisoloni, chachu na robo ya kidonge cha B12, naweza kuvitia kwenye kapsuli moja nimshike mara moja tu?

#19 · Bi_Maweni · Malindi

Waweza, vikiwa vikavu vyote. Saga B12 na prednisoloni kati ya vijiko viwili vikavu, tia chachu juu, ganda namba 3. Vaa glavu ukisaga prednisoloni, hasa mjamzito. Jaza za siku hiyo tu. Chachu ikikaa na unyevu wetu ndani ya ganda inaanza kuharibika, na ganda lenyewe linalainika na kushikana. Dozi ya jioni ya chachu ifungue upya. Akitapika kapsuli nzima ndani ya dakika kumi na ukaiona, mpe nyingine baada ya saa moja. Ukiona povu tu, iache hadi kesho, prednisoloni isije ikawa mara mbili. Isabgoli usiitie humo hata chembe, itavimba ikiwa bado kwenye umio.